Charles Dodgson, Shemasi Mwenye Kigugumizi

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za Elisi, yule msichana aliyemfuata sungura shimoni akajikuta katika nchi ya ajabu. Kitabu chake kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1940 na Sheldon Press ya London, kikaitwa Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Mwaka 2015 kilitoka tena katika tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Juu ya jalada mtungaji anaitwa Lewis Carroll, lakini hilo lilikuwa jina la kalamu tu, ambalo alianza kulitumia mwaka 1856. Jina lake hasa ni Charles Lutwidge Dodgson. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha Christ Church, Oxford, na shemasi wa Kanisa la Anglikana. Tena alikuwa mtu mwenye kigugumizi tangu utoto wake mpaka kufa.

Habari hiyo ya mwisho ndiyo tunayotaka kuieleza hapa. Tukiambiwa ya kuwa mtu mashuhuri alikuwa na kigugumizi, mara nyingi tunangoja kusikia jinsi alivyokishinda. Dodgson hakukishinda. Alikitafutia dawa kwa miaka mingi, na dawa hasa hakuipata. Lakini katika kuitafuta alipata watu, na faida aliyoipata kwa watu hao ilikuwa kubwa kuliko ile aliyokwenda kuitafuta.

Nyumba ya padre

Charles alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, wilaya ya Cheshire, Uingereza. Baba yake, aliyeitwa pia Charles Dodgson, alikuwa padre wa mahali pale. Mwaka 1843 baba alihamishiwa Croft, katika wilaya ya Yorkshire, na baadaye akawa Arkidikoni wa Richmond. Baba na mama walikuwa watoto wa ndugu. Walizaa watoto 11, wasichana 7 na wavulana 4. Charles alikuwa wa tatu kuzaliwa, na wa kwanza katika wavulana.

Wengi katika watoto hao walikuwa na kigugumizi. Siku hizi wataalamu wanajua kwamba hali hii mara nyingi hufuata ukoo, wala haitokani na uvivu, woga, au malezi mabaya. Zamani zile watu wengi walidhani ni tabia mbaya ambayo mtoto ameizoea, na kwamba akikemewa ataiacha. Lakini katika nyumba ambamo ndugu wengi hukwama katika maneno, kukwama si ajabu. Mtoto mmoja aliposimama katikati ya neno, wenzake walijua kwa nafsi zao lililompata.

Basi kundi la kwanza la Dodgson lilikuwa ndugu zake mwenyewe. Kwao alikuwa msemaji na kiongozi. Aliwatungia michezo, akawatengenezea treni ya kuchezea bustanini, akawaonyesha michezo ya vikaragosi. Tena alianzisha magazeti ya nyumbani, yaliyoandikwa kwa mkono, na kuwataka ndugu zake nao walete habari na mashairi. Hapo ndipo alipojifunza kuandika. Maneno yaliyokuwa mazito kinywani yalikuwa mepesi katika kalamu.

Shuleni na chuoni

Mwaka 1844 alipelekwa shule ya Richmond, na mwaka 1846 akaenda Rugby, shule kubwa iliyojulikana katika Uingereza yote. Masomo aliyaweza sana, hasa hesabu. Lakini alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba hakuna kitu duniani ambacho kingemfanya akubali kurudia miaka ile mitatu ya Rugby. Taabu za mchana angalizivumilia, alisema, kama usiku wangalimwacha alale kwa amani.

Mwezi wa Januari 1851 aliingia Christ Church, Oxford. Siku mbili tu baada ya kufika, mama yake alifariki, naye akarudi nyumbani kwa maziko. Mwaka 1854 alimaliza masomo yake akiwa katika daraja la kwanza la hesabu, na mwaka uliofuata akafanywa mwalimu. Kazi hiyo aliifanya hadi mwaka 1881.

Kwa desturi ya chuo, watu wa cheo chake walipewa chumba na posho maisha yao yote, ila kwa masharti mawili: wasioe, na wapokee daraja takatifu. Sharti la pili lilimpa mashaka mengi. Padre ni mtu wa kusema mbele ya watu. Husoma sala, husoma masomo, huhubiri, tena hawezi kuchagua maneno yake, kwa sababu maneno ya ibada yamekwisha kuandikwa. Mtu mwenye kigugumizi akiwa katika mazungumzo huweza kukwepa neno gumu akatafuta lingine lenye maana ile ile. Katika Kitabu cha Sala hakuna njia ya kukwepa.

Mwalimu wa Ore

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1850 Dodgson alikwenda kwa mtu aliyeitwa James Hunt, ambaye alikuwa na nyumba Ore, karibu na mji wa Hastings katika pwani ya kusini. Watu wenye kigugumizi walikuja kukaa kwake na kufundishwa. Kazi hiyo Hunt aliirithi kwa baba yake, Thomas Hunt, aliyefariki mwaka 1851.

Tukitaka kujua thamani ya mafundisho ya akina Hunt, tukumbuke yaliyokuwa yakitendeka wakati ule. Mwaka 1841 daktari mpasuaji wa Berlin, Dieffenbach, alianza kuwakata wagonjwa ndimi zao, akidhani kwamba kigugumizi kimo katika nyama ya ulimi. Wapasuaji wa nchi nyingine walimwiga. Watu waliumizwa bure, maana kigugumizi kilirudi vile vile. Akina Hunt walipinga kisu. Walisema ulimi ni mzima, bali mtu anahitaji kujifunza upya namna ya kuvuta pumzi, kutumia sauti, na kusema polepole kwa kuangalia.

Hunt alipotoa kitabu chake juu ya kigugumizi mwaka 1861, alikitoa kwa heshima ya padre Charles Kingsley, mmoja wa wanafunzi wake. Kingsley alikuwa padre wa Eversley, mwandishi na mwalimu wa historia katika Cambridge. Katika mazungumzo alikwama sana, lakini alipohubiri maneno yalitiririka. Mwaka 1859 alikuwa amekwisha kuandika makala gazetini kuwatetea wenye kigugumizi. Mtu mkubwa namna hii kusema hadharani kwamba na yeye ni mmoja wao lilikuwa jambo la kuwatia moyo wengine.

Haifai kuficha upande wa pili wa James Hunt. Huyu aliyewahurumia wenye kigugumizi aliwadharau watu weusi. Mwaka 1863 alianzisha chama cha elimu ya wanadamu katika London. Mwaka huo huo, katika mkutano wa wataalamu mjini Newcastle, alisoma maneno marefu akidai kwamba Mwafrika ni duni kwa asili, na aliutetea utumwa wa Marekani. Katika mkutano ule alikuwapo William Craft, mtu mweusi aliyetoroka utumwani Marekani pamoja na mkewe, naye alisimama akamjibu waziwazi. Mwaka uliofuata, 1864, Samuel Ajayi Crowther aliwekwa wakfu kuwa Askofu katika Kanisa Kuu la Canterbury. Hunt alifariki mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 36. Mtu aliyefahamu kwamba ulimi mzito si akili nzito hakufahamu kwamba rangi ya ngozi nayo haionyeshi akili.

Mwaka 1862

Tarehe 22 Desemba 1861 Dodgson aliwekewa mikono kuwa shemasi na Samuel Wilberforce, Askofu wa Oxford. Kwa kawaida shemasi hungoja mwaka mmoja, kisha hupewa upadre. Kwa hiyo mwaka 1862 ulikuwa mwaka wa kuamua.

Mwezi wa Julai, tarehe 4, alikwenda matembezi ya mashua mtoni pamoja na rafiki yake Robinson Duckworth na mabinti watatu wa Liddell, mkuu wa chuo chake. Njiani aliwasimulia hadithi ya Elisi, akiitunga papo hapo huku mashua inakwenda. Mmoja wa mabinti hao, Alice, ndiye aliyempa Elisi jina lake, naye akamwomba amwandikie hadithi ile.

Mwezi wa Agosti aliongoza ibada ya jioni kanisani. Aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba yote yalikwenda vizuri sana, mpaka alipofika kwenye wimbo wa kabla ya mahubiri. Ilimpasa kusoma kwa sauti aya ya kwanza. Katika aya hiyo maneno mawili ya Kiingereza yalifuatana, kila moja likianza kwa herufi tatu zilizobanana, s na t na r. Yalimshinda. Aliiacha aya bila kuimaliza.

Mwezi wa Oktoba alimwendea Liddell kumwuliza kama analazimika kuwa padre. Kwanza Liddell alimjibu kwamba analazimika, na kwamba pengine amekwisha kupoteza nafasi yake chuoni. Usiku ulipita, na siku ya pili Liddell alimwarifu kwamba ameamua kutolipeleka neno lile mbele. Basi Dodgson alibaki shemasi mpaka mwisho wa maisha yake.

Kigugumizi hakikuwa sababu ya pekee. Alijiona pia hastahili, na alipenda kwenda kutazama michezo ya kuigiza, jambo ambalo Askofu Wilberforce hakulikubali kwa padre. Lakini kigugumizi kilikuwa sababu mojawapo, na mwenyewe alikitaja.

Rafiki aliowapata

Kwa njia ya Hunt, Dodgson alifahamiana na George MacDonald, mwandishi wa hadithi. MacDonald alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kikongrigeshonali, akaiacha mimbari yake mwaka 1853 kwa kuwa usharika wake haukupendezwa na mafundisho yake. Hivyo mtu aliyeogopa mimbari na mtu aliyeondoka mimbarini wakawa marafiki. Dodgson alizoea kuingia na kutoka katika nyumba ya MacDonald kama mtu wa nyumbani, na watoto wake wakampenda.

Mwaka 1863, alipokuwa hajaamua kama hadithi ya Elisi inafaa kuchapishwa, aliwapelekea akina MacDonald maandishi yake. Mama wa nyumba aliwasomea watoto. Mtoto mmojawapo, Greville, alitamka kwamba ingefaa vitabu vya namna hiyo viwepo 60,000. Jambo hilo lilimtia Dodgson nguvu. Kitabu kilitoka mwaka 1865 kikiwa na picha za John Tenniel, na cha pili, habari za Elisi ndani ya kioo, kilitoka mwishoni mwa mwaka 1871. Tangu hapo nakala zimepita kwa mbali hesabu ya mtoto yule. Na tukiuliza njia iliyomfikisha Dodgson katika nyumba ya MacDonald, ilianzia kwa mwalimu wa wenye kigugumizi.

Ndani ya kitabu hicho yumo ndege aitwaye Dodo. Watu hupenda kusema kwamba Dodgson alijiita hivyo kwa kuwa alipotaja jina lake alikwama katika sehemu yake ya kwanza. Maneno hayo hayana ushahidi. Ila ni kweli kwamba Dodo ni yeye mwenyewe, kama vile Bata ni Duckworth. Pia watu husema kwamba alipokuwa na watoto kigugumizi kilimtoka kabisa. Hilo nalo si sahihi, maana baadhi ya waliomjua utotoni mwao walikumbuka vizuri jinsi alivyokwama.

Herufi iliyomshinda

Hunt alipofariki, shemeji yake, padre Henry Rivers, aliyemwoa dada yake, aliendelea na kazi ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Dodgson alikuwa akiandikiana barua naye. Alikuwa amekwisha pita miaka 40, mwalimu wa siku nyingi, na vitabu vyake vikisomwa kila mahali. Hata hivyo alimwandikia Rivers kwamba sauti ya K bado humwangusha. Siku zile ilikuwa imemshinda mara mbili, hata ikambidi kulitaja neno herufi kwa herufi. Mara moja ilikuwa dukani, mbele ya mwuzaji, jambo lililomwudhi zaidi. Halafu akaongeza kwamba ni udhia ambao mtu hana budi kukubali kuuchukua mara kwa mara.

Barua kama hiyo haiandikwi kwa kila mtu. Nyumbani kwa Rivers kigugumizi hakikuwa habari ngeni. Baadhi ya dada zake Dodgson nao walifundishwa na Rivers. Na mtoto wa Rivers, William, aliyezaliwa mwaka 1864, alikuwa na kigugumizi yeye mwenyewe, asiweze kuponywa kabisa na ufundi wa baba yake. William alikua akawa daktari. Katika Vita Kuu ya kwanza aliwatibu maofisa waliovunjika moyo vitani, katika hospitali ya Craiglockhart karibu na Edinburgh. Hakuwakemea, bali aliwasikiliza mpaka wakaweza kuyasema yaliyowaelemea. Alifariki mwaka 1922.

Siku za mwisho

Baba yake Dodgson alipofariki mwaka 1868, familia ilipaswa kuiacha nyumba ya padre. Charles, akiwa mkubwa wa wavulana, aliwapangia dada zake nyumba katika mji wa Guildford, na kila likizo alikwenda kukaa nao. Kwa hiyo uzeeni alirudi mahali alipoanzia, katika meza ambayo hakuna aliyemkodolea macho neno lilipokwama.

Jambo la kutazama ni hili: katika miaka yake ya mwisho alihubiri mara nyingi kuliko alipokuwa kijana. Alihubiri Guildford, na alihubiri Oxford katika ibada za Jumapili jioni za watumishi wa chuo, yaani wapishi, wafagiaji na wangoja milango. Aliyafikiri mahubiri yake mapema, akajua kila hatua atakayopita, kisha akasema polepole. Kigugumizi hakikuwa kimekwisha. Kwa kila mwaliko aliogopa kwanza, kisha akaenda.

Mwezi wa Januari 1898 alikuwa Guildford kwa dada zake alipopata mafua makali, yakageuka kuwa homa ya mapafu. Alifariki tarehe 14 Januari, zikiwa zimebaki siku chache tu kutimiza miaka 66. Alizikwa katika makaburi ya Mount, hapo hapo Guildford.

Neno kwetu

Katika kila watu wazima 100, mmoja hivi ana kigugumizi. Katika watoto wadogo ni wengi zaidi, ingawa wengi wao huachwa nacho wanapokua. Basi hakuna mtaa usiokuwa na watu kama Dodgson, nasi pengine hatuwajui kwa sababu wamejifunza kunyamaza. Miaka ya 1970 wenye kigugumizi wa Marekani na Uingereza walianza kuunda vyama vyao wenyewe, wakutane, waseme bila haya, na wasaidiane. Tangu mwaka 1998 tarehe 22 Oktoba ni siku yao katika dunia nzima. Wanaokutana hivyo husema kwamba faida ya kwanza si kupona. Faida ya kwanza ni kukaa chumbani ambamo hakuna anayemalizia neno lako.

Kanisani wana msaada mmoja ambao sisi wengine hatuutambui. Wataalamu wameona kwamba wengi wenye kigugumizi hawakwami wanapoimba, wala wanaposema pamoja na wengine kwa sauti moja. Kijana asiyeweza kutaja jina lake mlangoni huweza kuikiri Imani ya Mitume yote pamoja nasi bila kusita hata mara moja. Shida huanza wote wanaponyamaza, naye akabaki peke yake.

Kwa hiyo kijana wa namna hiyo akiomba kusoma somo, asinyimwe kwa kisingizio cha kumwonea huruma. Apewe somo lake mapema ajitayarishe, na ikiwezekana asimame na mwenzake wasome pamoja mara ya kwanza. Naye akikwama, tusimsaidie neno, tusitazamane, wala tusikohoe. Tungoje tu, hata kama ni kitambo kirefu, mpaka aimalize aya yake mwenyewe.